Joto la Jumapili

Chumba cha Kompyuta,
Kiwanda cha Vifaranga.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, na hawajambo shemeji na watoto? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima, ila mimi furaha imenizidi hata kukaa kitini siwezi.

Dada, nimeweza! Ile programu uliyonifundisha kwa simu imekubali. Mistari sita tu, nabonyeza mara moja, na grafu nne zinajichora zenyewe: joto, unyevu, hewa na idadi ya vifaranga, kila moja na kichwa chake. Mimi niliyekuwa nachora moja moja kwa rula! Nimebonyeza mara kumi bila sababu, kuziangalia tu.

Sasa nisikilize, na usinigombeze kabla hujamaliza kusoma.

Wiki iliyopita meneja alitaka kujua kwa nini mayai mengi hayaanguliwi. Nikabandika grafu zangu ukutani, kifua mbele. Yenye kichwa "Joto" ilikuwa inaporomoka kila Jumapili. Na nani anashika zamu ya mashine Jumapili? Baba yako, baba mdogo wangu, aliyenitafutia kazi hii! Meneja akampa barua: mwisho wa mwezi, basi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya nne baba mdogo akaja na miwani, akasoma namba za pembeni ya grafu, ambazo sisi wasomi hakuna aliyezitazama.

"Mwanangu, hapa naona hamsini na nane. Kwa joto hilo hatuangui mayai, tunayachemsha."

Nikaikimbilia kompyuta. Kosa langu! Vichwa niliviorodhesha kwa mpangilio wa kichwani mwangu, kumbe safu za data zina mpangilio wake. Unyevu umepewa jina la joto, na joto la unyevu. Haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikabadilisha mstari mmoja, kila grafu ichukue jina la safu yake yenyewe. Joto likatoka limenyooka, Jumapili zote! Kilichoshuka ni unyevu, maana Jumapili pampu ya maji huzimwa, kwa amri ya meneja mwenyewe.

Nilimwonyesha, nikaomba radhi mbele ya wote. Meneja alikohoa, akaichana ile barua ya kumfukuza. Pampu sasa haizimwi, na baba mdogo amebaki kazini.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi akipita hapo kwenu. Mungu awafunike kwa heri na afya.

Jambo moja bado. Najua baba alipopewa ile barua alikupigia akasema amechoka, ameamua kupumzika. Hakuchoka, Dada. Hakutaka ujue kwamba kilichomfukuzisha ni grafu uliyonifundisha wewe. Mpigie leo, umwulize tu habari za joto.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, pamoja na makosa yangu yote,
Domo