Nyasi za Nyumba Yetu

Jumamosi, Agosti 1989

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba wakiniuliza shuleni ninakaa wapi, ninadanganya. Tangu tufukuzwe kwetu kule mlimani tunalala katika stoo ya kanisa hapa Zombe.

Leo kina mama wa mwethya, wanaojengeana nyumba kwa zamu, walituletea nyasi za kuezekea. Mama akakataa hata kuinuka.

"Mkinijengea hapa, kwetu nitarudi lini?"

Kiongozi wao akacheka. "Mama Mwende, hii ni nyumba, si kaburi! Ukirudi utaibomoa. Lakini unajua desturi: wenyewe wasipochimba shimo la kwanza, sisi hatuchimbi. Nyasi zitaenda kwa mwingine."

Mama akazigeuzia nyasi mgongo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia naukumbuka ule ukungu wa asubuhi, na sauti ya nyanya akitufungulia mbuzi. Kwamba nimechoka kuvalia sare nyuma ya mabenchi.

Badala yake nikaomba jembe. Nikachimba shimo la nguzo, kina mama wote wakinitazama. Mama alinitazama pia, lakini hakunikataza.