Venant, Aliyeogelea kwa Mkono Uliokunjika

Mwaka umetimia, Venant, tangu utuache, na mtaa mzima wa Kasenga unajua kwamba hakuna mwanamke mwenye roho ngumu kama mama yako. Haogopi kitu. Wiki iliyopita panya alipita chini ya kitanda chake, na majirani walipofika walimkuta amesimama juu ya meza, viatu mkononi, anaimba wimbo wa kanisa.

Wewe ulimjua. Tangu siku ulipong'oka jino la kwanza, damu ikakataa kusimama mpaka mto wa kitanda ukalowa, hofu iliingia nyumbani mwetu, ikavua viatu, ikakaa. Mama yako aliogopa kisu cha mihogo, akaogopa kona ya meza, akaogopa hata jogoo. Na wewe, kati ya kazi zote alizoziumba Mungu, ukachagua ushonaji: sindano, makasi na pasi ya makaa.

"Mbona usichague kabisa kuchinja ng'ombe?" alikuuliza.

Ukacheka kile kicheko chako cha puani.

Tunaikumbuka cherehani yako pale barazani, miguu yako ikikanyaga polepole, magoti yakipanda na kushuka. Watu walidhani unatafuta chakula tu. Ulikuwa unafanya mazoezi. Sévère, yule kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekufundisha kuutunza mwili wako, alisema damu ya watu wenye ugonjwa wako haijui kufunga mlango, inavujia ndani ya magoti na viwiko, na msuli wenye nguvu ndio unaolishika goti lisiyumbe. Anayekaa tu kwa kuogopa, misuli yake hunyauka, na goti huvuja hata bila kuguswa. "Tembea. Ogelea," alikuambia. "Mpira, ngumi na kupanda miti, waachie wengine. Goti likivimba, lipumzishe, weka barafu, ngoja lipoe kabisa."

Barafu. Na huku mama yako alikuwa amekwisha kuteleka sufuria ya majani, maana kwetu kila kilichovimba hukandwa kwa maji ya moto. Sévère alimnyang'anya kitambaa mkononi. Mama yako hakumsalimu mpaka Krismasi.

Basi ukawa mtu wa ziwa. Ulikwenda jua likishapanda, na si pengine ila pale wanawake wanapofulia, penye mchanga na watu, kwa sababu kiboko hapendi kelele. Ulivaa viatu vya plastiki hata ndani ya maji kwa ajili ya mawe. Kiwiko chako cha kushoto kilikuwa kimeganda tangu utoto, hakikunyooka tena. Kwa hiyo mkono wa kulia ulikwenda mbali, na wa kushoto ulichota karibu na sikio, kama mtu anayejifukuza nzi. Binti yako Bella alijifunza kwa kukutazama. Viwiko vyake ni vizima, lakini mpaka leo akiogelea anamfukuza nzi asiyekuwepo.

Kisha Bella akamzaa Luc, na ugonjwa wako ukarudi ndani ya Luc. Ulimwambia mjukuu wako, "Kiangazi kikifika, nitakutia majini." Kiangazi kilifika, wewe hukukifikia. Na wala haikuwa damu. Maisha yako yote tuliulinda mlango wa damu, malaria ikapitia dirishani.

Baada ya mazishi Bella alisema mbele ya wote kwamba Luc hataliona ziwa, na shuleni atabebwa mgongoni. Mama yako alikuwa wa kwanza kuitikia Amina. Mtoto akakaa kwenye kiti chako cha cherehani, miguu ikawa kama vijiti vya kibiriti, na katika mvua za Machi goti lilivimba, likapoa, likavimba tena, bila kugonga kitu. Tulianza kumwona kiwete kabla hajawa kiwete. Lilipotulia baada ya Pasaka na kubaki limetulia, mama yako alijua ni rozari yake. Akamshukuru Bikira, na yeye mwenyewe akajishukuru kidogo.

Lakini ahadi yako ilibaki. Wazee wetu walituachia neno: ahadi ya marehemu isivuke misa ya mwaka, la sivyo atarudi kuidai kwa aliye dhaifu. Na katika nyumba ile aliye dhaifu ni nani, kama si Luc?

Basi juzi, Luc alipokwisha kuchomwa sindano ya dawa yake ya kugandisha damu, ile inayotufikia ikitaka, mama yako alimwambia Bella kwamba wanakwenda kanisani kukuombea. Wakapita nyuma ya kanisa, wakashuka ziwani.

Alimfunga Luc kitenge kiunoni, ncha ya pili akajifunga mwenyewe mkononi. Fundo lilimshinda mara ya kwanza. Wanawake waliacha kufua.

"Mama Marie-Jeanne, huyo mbuzi unamupeleka soko gani?"

"Soko yenye haina wambeya," akajibu, na meno yake machache yakigongana.

Ndipo akaona kitu cheusi juu ya maji.

"Luc, usisogee. Kiboko."

"Koko," Luc akamwita, kama kwetu tunavyomwita bibi, "haiko kiboko. Iko bidon ya wavuvi."

"Na ile masikio?"

"Iko kamba. Koko, weye unaogopa?"

"Minye? Minye nasikia baridi tu."

Mtoto aliingia mpaka magotini, mpaka kiunoni. Mama yako alifumba macho ili amlinde vizuri. Kitenge kikakazika, kisha kikalegea. Alipofumbua, kitenge kilikuwa kinaelea peke yake, hakina mtu.

Venant mwanangu, hapo alikuona wewe, mdogo, na ule mto uliolowa. Aliingia na viatu vyake vya kanisa. Akapapasa chini, akashika mchanga, akashika jiwe, akashika mchanga tena.

"Koko."

Luc alikuwa kule mbele, karibu na bidon, lile dumu la wavuvi, kichwa juu, anacheka kwa puani. Fundo alilifungua mwenyewe. Akarudi akiogelea: mkono wa kulia ukienda mbali, wa kushoto ukichota karibu na sikio.

Mama yako alibaki amesimama, maji kifuani. Wewe hukuwahi kumtia huyu mtoto majini. Na viwiko vyake vyote viwili vinanyooka.

"Nani alikufundisha?"

Luc akaitazama bidon. "Nilijua tu."

Nyumbani, Bella alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mulikuwa wapi?"

"Ku kanisa," mama yako akasema, sketi yake ikidondosha maji.

"Kanisa gani iko na muchanga?"

"Leo wamebatiza watu wengi."

Bella akaweka ungo chini. Akampapasa Luc magoti, viwiko, kichwa, akitafuta joto au uvimbe. Hakupata. "Koko, unataka kuniulia mutoto? Ku ziwa? Minye mwenyewe, tangu baba afe, sijatia hata kidole ku mayi."

"Luc," mama yako akasema, "onyesha mama yako namna unaogelea."

Na mtoto, katikati ya ua, akamfukuza nzi.

Misa yako itasomwa Jumamosi. Bado tunaogopa, Venant; hofu haijavaa viatu vyake. Lakini ahadi imelipwa, na si sisi tulioanza kuilipa. Wanaokulilia na kukutaja kwa watoto ni mke wako Annie, ndugu yako Thierry wa Sange, mjukuu wako Luc, mama yako Marie-Jeanne, na binti yako Bella, ambaye hajagusa ziwa tangu ufe, na ambaye viatu vyake vya plastiki mama yako amevikuta leo asubuhi chini ya kitanda, vimelowa. Tutakukumbuka maadamu ziwa lina maji.