Sahihi Niliyoihimiza Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu anakuwa daktari mkuu! Naandika hata viatu sijavua. Kaniambia Mama Funguo mwenyewe, mwenye hospitali, shoga yangu tangu tukiwa vigoli. Kasema, daktari mkuu wa sasa anastaafu, kiti ni cha mwanao, shoga, waambie watu. Nikawaambia. Fundi cherehani, jirani wa juu, mawifi wote. Nimealika watu kumi na tisa kwa sherehe Jumapili, na Mama Funguo mgeni wa heshima. Nani kama mimi?

Jumatano, 5 Machi
Daktari wangu kapita kunywa chai, miguu imemvimba. Wodi mbili peke yake tangu alfajiri — mwenzake aliacha kazi, hajaletwa mwingine. Nikampa habari ya kiti. Hakucheka. Kauliza tu, nani kakwambia, mama? Akachovya mkate mpaka ukakatikia kikombeni.
Uchovu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa mpwa wa Mama Funguo. Huyo ambaye wangu ndiye aliyemfundisha kushona jeraha. Barua imebandikwa ubaoni leo.
Kumbe wangu alishapeleka yake ya kuacha kazi, wiki iliyopita, bila kuniambia. Mama Funguo alikuwa nayo mkobani siku ile anaponinong'oneza.
Nikampigia. Hakuona haya. Kasema, shoga, mama akishatangaza, mwana haondoki. Nilitaka atulie, wagonjwa wamejaa.
Yaani aliutumia mdomo wangu.
Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo yenyewe nimeifua mimi, nikaipiga pasi.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna baya zaidi. Mkataba unasema akiacha kazi pale, asitibu mtu mji huu wala wilaya za jirani, miaka miwili. Sahihi yake iko chini.
Nilikuwepo. Sebuleni kwa Mama Funguo, miaka minne sasa. Mwanangu alifika ukurasa wa pili, nikamfinya paja: mama yako mdogo huyo, unamkagulia karatasi? Akafunga, akasaini. Mama Funguo akasema, huyu kalelewa.
Ukurasa wa tatu ndio wenye miaka miwili.
Leo nimemwomba mwanangu msamaha. Kasema, mama, mkono ulikuwa wangu. Halafu kauliza, nikibaki, utafurahi? Nikataka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaenda kumletea sanduku langu kubwa, lile la harusi.
Anapanga nguo. Koti jeupe kaliweka juu kabisa. Mimi nasoma ukurasa wa tatu, kidole chini ya kila neno, nikikwama narudia. Nataka niusome mbele za watu bila kigugumizi.
Mama Funguo kapiga tena. Eti shoga, hujanuna? Bado nije?
Njoo, nikamwambia. Kiti chako kiko mbele. Wote kumi na tisa wanakuja — kesho Jumapili, saa nane.