Herufi za Uzi Mnene

Gongoni, Tabora
4 Novemba 2024

Kaka Majidi,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepona na mvua zimeshawafikia huko Tura. Sisi hatujambo, na shemeji yako Zabibu anakusalimu sana. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nataka nimalize.

Ulisema shule zikifungwa utakuja kumchukua binti yako Najiat, kwamba mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma bora akae nyumbani aangalie wadogo zake. Kaka, usimchukue.

Unakumbuka alipohitimu juzuu madrasa, ukatuma mbuzi? Alisoma mbele za watu bila kukosea, tukala, tukajisifu. Kumbe hakusoma. Alikuwa amelishika lote kwa kusikiliza wenzake. Ndiyo maana shuleni alipopata sifuri tulimwita mvivu, tukasema akitaka anaweza. Nilimchapa, na mpaka leo naona haya.

Aliyemgundua ni Mwalimu Leonia, aliyesomea kufundisha watoto wenye shida ya kusoma. Alimfungulia kitabu katikati, akamwambia aanzie hapo. Mtoto hakuweza, machozi yakamtoka. Mwalimu alitueleza kwamba akili anazo tele, ila herufi hazimkai machoni, kwa hiyo tumpe azishike kwa vidole. Akazichora kwa chaki kwenye vipande vya kaki vilivyobaki kwenye sare za wanafunzi ninazoshona, nami nikapitisha uzi mnene juu yake. Kila jioni Najiat anapitisha kidole, anatamka, anaunganisha. Ni mihula miwili sasa. Anasoma polepole, lakini anasoma, hata ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Atafika mbali, hilo sina shaka nalo.

Sasa sikia la kwangu. Unajua vipimo vya wateja siandiki. Nafunga mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, nawe siku zote unanitania kwamba ni maringo ya ufundi. Si maringo, kaka. Sijui kusoma. Tulipokuwa tunasoma mbele ya marehemu baba, nilikuwa nafuata sauti yako. Nikatolewa shule darasa la tatu, nikashika sindano, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Barua zangu zote ulizopokea, na hii pia, ni mkono wa Zabibu. Nimeficha miaka arobaini. Sitaki mtoto huyu afiche hata mmoja.

Msalimie shemeji, watoto na majirani wote wa stesheni. Hapo chini nimemwachia Najiat nafasi yake.

Ni mimi mdogo wako,
Sabiri

Baba shikamoo. Ni mimi Najiat. Jioni namfundisha baba mdogo kwa herufi zile zile. Amefika M. Usije kunichukua, bado hajamaliza.