Jina la Aliyetoa Mabati

Kyuso,
Jumanne mchana.

Baba Mumo wangu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye jua lisilo na aibu. Je, Matiliku mmeamkaje? Goti la Mama linaendeleaje, na Mumo bado anakataa muthokoi wa mahindi mpaka awekewe parachichi kando? Mimi ni mzima kabisa. Nimekonda kidogo tu, kwa hiyo usianze kumwambia mama yako kwamba Kyuso wananinyima chakula.

Najua umeshangaa kuona bahasha na simu tunazo. Simu yako, mume wangu, ni redio ya kijiji. Kila nikikupigia unaiweka sauti ya juu pale kwenye posho mili yako ya kusaga unga, na kabla sijamaliza kusema nimeshinda salama nasikia wateja wako wananijibu. Haya ya leo si ya wateja. Ndiyo maana nimempa dereva wa lori la ndengu akuletee mkononi.

Ni juu ya kanisa letu la huku na yale mabati. Najua Mzee Musembi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ameshakupigia kukualika uje uwe MC siku ya kulifungua, na najua umekubali kabla hajamaliza kuuliza. Uliniambia mwenyewe, huku wateja wakicheka, "Mama Mumo, hilo jina la mtoaji likae tayari, nitalitangaza mpaka Mwingi wasikie." Sasa kaa chini nikueleze, kwa sababu unajua nusu tu, na hiyo nusu imetoka kwa Mzee Musembi ambaye huongeza chumvi.

Yote yalianza na kile kimashine nilichokutumia picha yake, ukaniuliza kama ni pasi ya nguo za mtoto. Kina ukubwa wa kipande cha sabuni, kina feni yake ndogo, na nimekiweka dukani kwangu, nyuma ya paneli za sola. Ikifika saa sita betri zote huwa zimejaa, na jua bado linamwaga stima isiyo na wa kuitumia. Hapo nakiwasha. Kazi yake ni moja tu, kubahatisha namba. Duniani kuna maghala mazima ya mashine kubwa zinazobahatisha hiyohiyo, na kila baada ya dakika kumi hivi kuna mmoja anayeipata, akafunga ukurasa mpya wa daftari la bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, na kulipwa kwa kazi hiyo. Changu kinajaribu mara mabilioni kwa sekunde moja na hakijapata kitu, na huenda kisipate mpaka Mumo awe na wajukuu. Usiniambie ni kamari. Hakuna ninachoweka mezani ila jua ambalo lingepotea bure.

Lakini Baba Mumo, huwa nasahau chakula nikikitazama! Kina kioo kidogo kinachoonyesha jaribio lililokaribia zaidi. Siku moja namba hiyo ilipanda ghafla nikapiga kigelegele peke yangu, mteja akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Nastaajabu kwamba hakuna aliyekiuliza kitambulisho. Hapa Kyuso, mahali ambapo hata maji tunayapigia foleni, kimashine cha mwanamke muuza sola kimepanga mstari mmoja na matajiri wa dunia, na hakuna wa kukiambia kirudi nyuma.

Basi upepo ulipoezua kanisa, watoto wa hapa walio ng'ambo walisema wanataka kusaidia, na wengine wakauliza kama wanaweza kutuma bitcoin. Wazee walikataa kwanza. Mmoja alisema hizo ni pesa za kuzimu. Halafu mvua ikanyesha kwenye ibada, ikalowesha kinanda, na kuzimu kukasahauliwa. Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa na mazoea ya mambo hayo, walinipa kazi ya kufungua pochi ya kanisa kwenye simu, na mimi na Mzee Musembi tukawa washika ufunguo. Watu wa kwaya nao wakaomba niwafundishe. Nikawafundisha kwa kutumia pochi yangu mwenyewe, nikawaonyesha anwani yangu, yaani ile namba ya kupokelea, ili waone pesa inavyoingia na kutoka. Sikuona ubaya wowote.

Siku ya harambee unaijua ilivyo, maana ni kazi yako. Mtu akitoa kuku, jina lake na kuku wake vinasomwa kwenye kipaza sauti, ndugu zake wanasimama, anapigiwa makofi ya kilo. Katikati ya hayo simu yangu ikalia. Pesa imeingia kwenye pochi ya kanisa, nyingi, ya kutosha mabati yote ya upande wa mashariki na misumari yake. Nilimwonyesha MC wetu. Akaniuliza, "Jina ni gani?" Nikamwambia hakuna jina, kuna anwani tu ilikotoka. Kumbe yeye hakuona tofauti! Alichukua simu, akakohoa, akaanza kuisoma ile anwani yote, herufi kwa herufi na namba kwa namba: "Tumshukuru ndugu yetu B, C, moja, Q..." Akasoma mpaka mwisho, jasho likimtoka, halafu akasema, "Na jamaa zake wasimame!"

Kanisa zima liligeuka kutafuta nani atasimama. Mama mmoja aliuliza kama hao ni watu wa kule Zombe. Nilicheka mpaka nikafunika uso na leso. Ungekuwepo ungeanguka.

Baadaye nilipoketi kimya ndipo nilipoacha kucheka. Daftari la bitcoin, Baba Mumo, liko wazi kwa kila mtu. Halina majina, lakini lina nyayo, na nyayo hazifutiki. Pochi ikitaka kulipa kitu kikubwa inaokota vipande vya pesa ulivyopokea siku mbalimbali na kuviunganisha, na mtu akikitambua kimoja ameshajua vyote ni vya mkono mmoja. Nilivitazama vile vipande. Kimoja kilikuwa changu. Ni zile senti nilizomtumia mtu mmoja hapa Kyuso, siku nilipomsaidia kufungua pochi yake, ili tuone kama inafanya kazi.

Kwa hiyo nilimjua aliyetoa. Mtu mwenyewe ni mtu ambaye hungemfikiria hata kidogo. Kazi anayoifanya kanisa halitaki kuisikia, na si mara moja ametaka kuchangia akarudishiwa mchango wake mbele za watu. Huwa haingii ndani. Siku ya harambee alikuwa ameegemea ukuta nje, mikono mfukoni, na mimi nilipita karibu naye nikamsalimu kama kawaida.

Siku chache baadaye watu wa kwaya nao walifuata nyayo, maana niliwafundisha vizuri kupita kiasi. Hawakumjua mtu, lakini waliitambua anwani yangu. Nikaitwa kwenye kamati.

"Mama Mumo," Mzee Musembi akasema, "hapa kuna pesa ilitoka kwako ikaenda kwa huyu mtu. Sasa huyu mtu unamjua."

"Namjua," nikasema. Singeweza kudanganya, Baba Mumo, unajua uso wangu.

"Si utuambie basi. Tunataka tu kumshukuru."

Mzee mwingine akadakia, "Na tujue hiyo pesa imetoka wapi. Kama ni ya pombe ama ya uganga, itarudi. Hata kama mabati iko juu, itateremshwa."

"Sitasema," nikawaambia.

"Aiya! Utaficha kanisa?"

"Siwafichi kanisa. Namsitiri mtu."

Wakanong'onezana. Kisha wakasema nisiposema, uweka hazina wa akina mama nitaacha. Nikawaambia funguo za kabati la vyombo nitazileta Jumapili. Mzee Musembi alicheka, maana si mtu mbaya, akasema, "Wacha tu. Mumewe akija, huyo MC, atalitoa hilo jina kama jino." Nilirudi dukani nikakaa chini ya zile paneli nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kazi ile niliipenda.

Kesho yake mchana yule mtu alikuja akijifanya anataka balbu. Alisubiri mteja aliyekuwepo aondoke.

"Wamejua?"

"Hawajajua. Mimi ndiye ninayejua."

Alishika balbu akaigeuzageuza. "Usiwaambie, Mama Mumo. Wakijua watarudisha. Wakirudisha hii, mimi nitahama hapa. Sitaweza tena kuinua uso."

Nilimuuliza kwa nini basi atoe kwa watu wanaomkataa. Nilitaka kujua kweli.

"Mama yangu alikuwa anakaa benchi ya mbele, ile upande wa mashariki," akasema. "Sasa kuna mama wa mtu anakaa hapo. Ananyeshewa." Halafu akalipa balbu, akasahau kuichukua.

Nimeishi na maajabu haya yote, na kile kimashine na mabilioni yake, na pesa inayotoka mfuko hadi mfuko bila kupitia benki wala mlango wa mtu yeyote. Lakini sijawahi kustaajabu kama nilivyostaajabu mbele ya mtu yule na balbu yake. Kwa miaka mingi alikuwa anatafuta njia ya kutoa bila kurudishiwa, na njia ikaja ikampitia dukani kwangu. Mungu ana mambo, Baba Mumo.

Nimeshamfundisha asiunganishe tena vipande, na kila anayempa pesa ampe anwani mpya. Ile anwani yangu sitaitumia tena. Yaliyoandikwa yameandikwa, lakini jina halimo, na halitaingia isipokuwa litoke mdomoni mwangu.

Sasa acha nitoe salamu kwanza, kwa sababu nikimaliza ninalotaka kusema sitakuwa na lingine. Msalimie Mama kwa heshima zote, mwambie ile dawa ya goti aipake ikiwa vuguvugu. Msalimie dada yako mwalimu, na mumewe fundi wa baiskeli. Msalimie mama mkwe wangu mdogo anayeuza maembe stendi, na pasta wetu wa Matiliku. Mumo mbusu kwenye paji la uso, aache kukimbia.

Na wewe, mume wangu, nisikilize. Najua unavyolipenda jina la mtu mdomoni mwako. Najua utanichokoza tangu unaposhuka kwenye gari mpaka tunapolala, na najua una haki ya kujua siri za mke wako. Hii si yangu. Usiniulize.

Siku ya kufungua, wataje wote, hata wa kuku. Ukifika kwenye mabati ya mashariki, sema tu kwamba yametolewa, kisha uwaombe watu wapige makofi. Usitanie. Usiulize kama yupo wala usiseme jamaa zake wasimame. Nje kutakuwa na watu wengi kama kawaida, wengine wakiuza, wengine wakingoja chakula, na yeye atakuwa kati yao. Mji huu haujawahi kumpigia makofi. Wewe unajua kuliko mtu yeyote jinsi ya kuwafanya watu wapige kwa nguvu. Wafanye wapige mpaka yafike nje.

Mkeo anayekungoja,
Wairimu