Ngitili Yako na Wageni wa Chuo Kimoja

Rafiki yangu Lugwisha,

Nisamehe kwa kimya changu. Tulikuzika mvua zikianza, sasa majani yamekauka, na kwa muda wote huo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nami ndiye niliyewachapa watoto wa nchi hii kwa kuchelewa kujibu barua. Ni kweli kwamba wewe pia hukuniandikia, lakini wewe una udhuru unaokubalika.

Leo sikuandikii kwa ajili ya salamu tu. Nimetumwa. Wazee wa baraza wamesema ngitili yako, yale malisho uliyoyafunga, isiguswe mpaka mwenyewe aulizwe, kisha wote wakanigeukia mimi. Walitaka niende kaburini na kibuyu cha pombe, kama ifanywavyo. Unanijua. Mimi ni mzee wa kanisa, simmwagii mtu pombe, hata mtu aliyeipenda kama ulivyoipenda wewe. Nikawaambia kwamba nitakuuliza kwa njia niliyofundishwa. Ng'wanangwa wetu, ambaye ukuu wa kijiji haujamwondolea utukutu aliokuwa nao darasani kwangu, akasema, "Sawa, Mwalimu. Ila umwandikie kwa herufi kubwa, macho yake hayakuwa mazuri." Ukiona mwandiko wangu umenenepa, sababu ni hiyo.

Swali lenyewe ni hili: tuifungue ngitili kwa ng'ombe, tuiache imefungwa, au tuigawe? Najua neno la mwisho litakuchoma. Tafadhali vumilia mpaka nimalize.

Ulipokuwa kitandani uliniita ukanikabidhi uangalizi wa yale majani. Nilikuuliza kwa nini mimi, mtu asiye na hata ndama mmoja. Ukanijibu, "Ndiyo sababu, Mwalimu. Mwenye ng'ombe nikimwachia majani, nimemwachia fisi bucha." Kisha ukaniapisha mambo mawili. La kwanza, mifugo isiingie kabla malisho ya nje hayajakwisha. La pili, ngitili isikatwe vipande, hata ndugu zako wakilia machozi. Ulisema, "Ikigawanywa mara moja itagawanywa kila mwaka, mpaka kila mtu abaki na unyasi wa kuchokolea meno." Niliahidi. Tena niliahidi mbele ya Mama Shija, mkeo, ambaye hasahau kitu.

Baada ya matanga ndipo chuo kikuu kilipotuingilia. Namaanisha kile chuo cha serikali kilicho ng'ambo ya Ziwa. Mimi nilidhani chuo kikuu ni mahali ambapo watu hukaa wakisoma vitabu. Kumbe ni mahali ambapo watu hutoka kwenda kuuliza maswali. Alikuja mmoja akatazama meno ya watoto wetu, mtoto kwa mtoto, kisha akawagawia peremende, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Mwingine aliuliza ni nyota gani tunayoitazama kabla ya kupanda mtama, na alipoambiwa, akabisha. Mwingine alipima uzito wa mitungi ya wanawake kisimani, nao wakamwambia kwamba akitaka kujua uzito aubebe. Akaubeba, hakufika mbali, akaandika. Kulikuwa na mmoja aliyekusanya mchwa katika chupa na kuwazungumzisha kwa upole. Mama Shija alisema kwamba huyo angalau alikuwa na adabu.

Lakini watatu walituama kwenye ngitili yako, na hao ndio walioleta mambo.

Wa kwanza ni kijana Mhaya kutoka Bukoba, ambaye watu wanamwita Bwana Majani. Kijana mzuri. Hunipa shikamoo kamili, na kwa Mama Shija amekula michembe yote ya viazi iliyobaki ya mwaka jana. Alipanda vigingi vyekundu ndani ya majani, vinne vinne, akavifunga kamba, na sasa hupiga magoti katikati yake akihesabu aina za nyasi. Swali lake ni moja. Ardhi yote ya huku imekuwa upara. Kwa nini kwa Lugwisha majani hurudi kila mwaka? Nilimwambia kwamba swali hilo angekuuliza wewe. Akasema, "Ndiyo, Mzee. Nimechelewa." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Wa pili ni Mzungu mrefu asiyesema sana, Bwana Mbung'o. Yeye huwatafuta mbung'o wanaoua ng'ombe. Wafanyakazi wake wawili hutembea kichakani polepole wakiwa wamebeba kitambaa cheusi kilichotandazwa kwenye mti, ili mbung'o watue juu yake, naye huwafuata nyuma ameinamisha kichwa. Hebu fikiri, rafiki yangu. Watu wawili, kitambaa cheusi, mwendo wa pole, na Mzungu mwenye huzuni. Wanawake wa ng'ambo ya mto waliwaona, wakaweka chini kuni zao, wakaufuata msafara. Walipofika kwa Mama Shija walikuwa kundi zima, wanalia, wakidhani kwamba tumekufukua tunakuhamisha. Bwana Mbung'o naye, kwa kuwa watu wote walikuwa wanalia, alivua kofia. Mama Shija aliwapikia wote.

Wa tatu ni mama wa Kizungu, Bibi Nyimbo, anayekusanya nyimbo na mila. Kiswahili chake ni safi kuliko cha ng'wanangwa. Alipoviona vile vigingi vyekundu alimwendea Mama Shija akamuuliza kwa heshima zote ni vya mzimu gani. Unajua kwamba mkeo hawezi kumruhusu mgeni aondoke mikono mitupu. Akamjibu, "Ni vya marehemu mume wangu. Ndivyo anavyohesabia ng'ombe wake huko aliko." Bibi Nyimbo akaandika yote. Kesho yake akarudi na ugoro, kwa kuwa alisikia uliupenda, akaweka kidogo kidogo chini ya kila kigingi. Siku chache baadaye Bwana Majani alinijia akiwa na wasiwasi mkubwa. Alikuwa ameona unga mweusi kwenye nyasi zake na alitaka kujua kama ni ugonjwa. Nilinusa. Nikamwambia kwamba ni ugonjwa unaowapata wazee.

Jua, Lugwisha, kwamba watu hawa watatu walitoka chuo kimoja, na hakuna aliyejua kuwa mwenzake yupo hapa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa letu sisi. Katika nchi hii, vigingi vinne ardhini vina maana moja tu. Habari ikafika Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kwamba kwa Lugwisha kumepigwa vigingi, na kwamba ulikufa bila kusema. Haukupita muda wakaja wachimbaji kwa baiskeli, wana sururu na makarai, wakiongozwa na Mzaramo mmoja aitwaye Kondo. Alimpa Mama Shija pole ya msiba vizuri kabisa, kisha akasema, "Mzee katuachia mali, mama."

"Mali yake ndiyo hiyo unayoikanyaga. Toka kwenye majani."

"Nyie Wasukuma mna mambo. Mmelalia dhahabu, mnaota ng'ombe."

"Na nyie Wazaramo mmeacha nazi zenu mje kula vumbi letu. Ukifia hapa, mtani, nakuzika na hilo karai kichwani, ukawachekeshe malaika."

Kondo alicheka mpaka akakaa chini, maana alikuwa ameonana na mtani wake halisi. Lakini wenzake walikuwa wameshaanza kuchimba. Mama Shija alinitumia watu, nami nikamchukua Bwana Majani tuende tukawaeleze kwamba vigingi vile havina uhusiano wowote na dhahabu. Tulifika shimo likiwa limemfikia mtu kifuani. Badala ya kueleza, Bwana Majani alichungulia ndani, akapiga ukelele, akarukia shimoni na suruali yake nyeupe. Alikuwa ameona mizizi. Mizizi ya nyasi zako, Lugwisha, ilikuwa imeshuka chini kuliko alivyowahi kuona, naye akawa anaipapasa ukutani, macho yanawaka, anasema, "Ipo! Ipo mpaka huku chini!"

Unaweza kukisia kilichofuata. Asubuhi ya pili baiskeli zilikuwa nyingi kuliko siku ya mnada.

Ng'wanangwa aliwafukuza wachimbaji, na shukrani kwa Kondo, ambaye aliwaambia wenziwe kwamba mahali panapolindwa na mtani kama yule hata dhahabu haiwezi kutoka. Ndipo likaitishwa baraza, na watafiti wote watatu wakaitwa.

Kila mmoja aliinuka na barua yake ya utambulisho, na barua zote zilikuwa na mhuri mmoja. Bwana Majani aliomba ngitili ifungwe mpaka masika ijayo. Ng'ombe wakiingia sasa, kazi yake yote itakuwa imeliwa. Bwana Mbung'o aliomba ng'ombe waingie mara moja, tena kichaka cha bondeni kikatwe, kwa maana mahali panapofungwa muda mrefu mbung'o hujenga makao. Bibi Nyimbo alisema kwamba yeye hachagui, ila angependa kusikia wimbo wa kufungulia ngitili kabla wanaoujua hawajafa. Alipotaja vile vigingi vya marehemu, Bwana Majani aliinuka tena akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, vigingi ni vyangu." Bibi Nyimbo akamtazama Mama Shija. Mama Shija akatazama mbinguni kama mtu anayetafuta mvua.

Ng'wanangwa akauliza, "Chuo chenu ni kimoja?"

"Kimoja," wakajibu.

"Na chakula mnakula pamoja?"

Bwana Majani alifikiri, akasema kwamba chumba ni kimoja, ila kila idara ina meza yake. Baraza zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, lakini ilinibidi niishike fimbo yangu kwa nguvu. Bibi Nyimbo ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisema kwamba hatayafuta aliyoambiwa. Ataandika pembeni kuwa watu wa hapa ni wakarimu hata kwa majibu.

Kisha mzee mmoja aliuliza swali la haki: ngitili ikifungwa, ng'ombe wa marehemu watakufa? Wakatazamana, mara ya kwanza kama watu wa nyumba moja, na kila mmoja akasema kwa lugha yake kwamba hajui. Nimekaa na wasomi maisha yangu yote, na sikumbuki niliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo pasipo kulazimishwa. Niliwaheshimu kuanzia hapo, pamoja na mchwa wao.

Lakini heshima haishibishi ng'ombe. Malisho ya nje yamekwisha. Yule mweusi mwenye baka jeupe, aliyekuwa akikufuata kama mbwa, ameanguka juzi. Tulimwinua kwa mkia na mabega, na mimi nilikuwa kwenye mkia. Mbavu za wengine zinaonekana toka barabarani. Mama Shija ameniambia, "Mwalimu, kijana yule nampenda kama wangu. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijapona bado." Halafu, kwa kuwa hapendi kumnyima mtu, akaongeza kwamba labda ile pembe ya nyuma, pale kwenye shimo la wachimbaji, ibaki imefungwa kwa ajili ya Bwana Majani.

Hapo ndipo ahadi yangu ilipo hatarini. Neno "pembe" halikumaliza siku moja kabla ndugu zako hawajalisikia. Mdogo wako ameshaonekana akipima upande wa mashariki kwa hatua zake, huku akisema kwamba anatembea tu kwa afya. Kama Mhaya anapata pembe, kila Msukuma ana yake. Uliyaona haya ukiwa umelala, na mimi niliyekuwa nimesimama sikuyaona.

Nimewaza hivi. Pembe ile asipewe mtu. Ng'ombe wafunguliwe, wale kuanzia bondeni, na pale nyuma wafike mwisho kabisa, mvua zikiwa zimekaribia. Bwana Majani atapata miezi yake, ng'ombe watapata majani, na hakuna mpaka utakaochorwa. Ndugu zako watasema kwamba hayo ni maneno ya mwalimu, kwamba kugawa ni kugawa. Nami sina hakika kuwa wamekosea. Kama wamekosea wao au nimekosea mimi, wewe ndiwe ungejua, na ndiyo maana nimekuandikia badala ya kuamua. Uhai wako wote nilikusahihisha Kiswahili, nawe ukanisahihisha mengine yote. Sasa nakaa mbele ya karatasi na hakuna wa kunisahihisha. Hilo sikulizoea. Nadhani sitalizoea.

Nimempa Bwana Majani kazi ya kumfundisha Bwana Mbung'o kusalimia, na wote wawili sasa wanakula kwa Mama Shija, kwenye mkeka mmoja, wakibishana kuhusu kichaka.

Wazee wanakutana keshokutwa. Nitasimama na kusema niliyokuandikia, isipokuwa unizuie kwa namna yoyote ambayo mzee wa kanisa anaweza kuielewa. Lala salama, rafiki yangu. Ahadi yangu ya pili nitaishika kwa kadiri ninavyoielewa, na ikinishinda nitakuja kuitolea maelezo mimi mwenyewe, wala sioni kama ni safari ya mbali tena.

Jambo moja limebaki. Ukoo wako umesema kwamba ngitili ikifunguliwa, mwangalizi ndiye atakayetembea mbele ya ng'ombe, mahali pako, akiimba, na yule fahali wako mkali akimfuata nyuma. Wimbo Bibi Nyimbo atanifundisha. Ameshaupata kwa bibi mmoja wa Ushetu. Fahali hakuna wa kunifundisha. Mara uamuzi utakapotolewa nitakuandikia, ikiwa atakuwa ameniachia mkono wa kuandikia.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu