Mwizi wa Chachu ya Bibi Jeni

Jumatatu, 7/10/2024

Bibi Jeni kaenda Mbeya kutolewa mtoto wa jicho. Anarudi Jumamosi. Kabla hajapanda gari alinishika mkono kama anaiaga dunia. Nikajua ananililia mimi. Wapi! Analilia chungu chake cha chachu.

Hicho chungu alikifinyanga mwenyewe kule Ikombe akiwa msichana, na chachu iliyomo ni ya mama yake. Haijafa hata siku moja. Kila asubuhi unailisha unga na maji, inachemka yenyewe bila moto. Unachota, unakanda na unga wa ngano na wa mchele kidogo, unadondosha vitonge kwenye supu ya samaki mbasa. Vinavimba, vinaelea. Matema nzima hakuna mwingine anayeviweza — sasa na mimi! Nimeishia kidato cha pili lakini kitonge changu kimemaliza chuo.

Jumamosi bibi anataka supu ya vitonge kabla hata hajavua viatu. Kasema macho yatafungwa ila ulimi hautafungwa. Na kasema tena: kila ukichota, toa upawa mmoja uweke pembeni, ikitokea bahati mbaya una mbegu. Nikasema ndiyo bibi. Upawa wa nini? Mimi sio mtu wa bahati mbaya.

Sasa hili hapa. Asubuhi nimelisha. Saa sita nimefunua: imepanda hadi shingoni! Nikapiga mstari wa mkaa kwa ndani, nijisifie. Nikaenda ufukweni kutafuta samaki. Kurudi saa tisa — imeshuka vidole vinne! Na ukutani juu kumebaki utando, kama mtu kachota harakaharaka.

Kuna mwizi nyumbani.

Jumanne, 8/10/2024

Imeibiwa tena. Vidole vinne vilevile. Mwizi ana kipimo!

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza Raphaeli, mshkaji wangu, mvuvi. Huyo akiiba anaiba kitonge kilichoiva, hana subira ya kukanda. Namfuta.

Wa pili Nesi Emerensiana. Amepanga chumba chetu cha mbele, mtu wa Bukoba, mwaka wa pili sasa yupo hapa zahanati. Wiki hii ana zamu za usiku, kwa hiyo mchana yupo nyumbani. Peke yake. Na chungu.

Leo nimempitia makusudi. Ugonile, dada Nesi! Kaitikia vizuri, Kinyakyusa kakishika. Halafu bila kuulizwa: ile chachu umeilisha leo, mdogo wangu? Ona! Inamhusu nini? Nikamtazama mkono wa gauni — unga! Nikanusa dirishani kwake: harufu ya uchachu. Kabisa, ileile!

Nikauliza kijanja, hivi Bukoba mnakula vitonge? Kacheka, eti kwao ni ndizi, lakini mtu hujifunza. Mtu hujifunza! Kwa mali ya nani?

Jioni bombani nimewaambia kina mama wote: angalieni vyungu vyenu, kuna mtumishi wa serikali ana kijiko kirefu. Walicheka hadi ndoo zikafurika. Nilipogeuka Nesi alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Akakinga maji, akaondoka.

Asiye na hatia angejitetea.

Jumatano, 9/10/2024

Leo mtego. Akili hii hawakunifundisha shuleni.

Nimesaga magadi laini. Mpango: ninyunyizie juu tu, safu nyembamba. Yeye anachota juu. Vitonge vyake vitatoka vya njano na vichungu, nami nitapita kumsalimia akiwa mezani. Ya chini inabaki salama.

Nikanyunyiza. Loo! Chachu ikafoka! Povu likapanda, likamwagika hadi mafigani, chungu kikalia shsss kama kinanitukana. Nikaruka nyuma. Likatulia. Nikachungulia — juu na chini vyote vimechanganyikana. Haidhuru. Ina hasira, ni dalili ya nguvu.

Nimelisha tena, nimefunika, nimeenda zangu.

Alhamisi, 10/10/2024

Asubuhi: haijapungua! Saa sita: haijapungua! Saa tisa: palepale! Mwizi kaogopa. Nimeruka uani peke yangu. Nikamwita Raphaeli aje ale kitonge cha ushindi.

Supu ilikuwa fresh, limau, nyanya, kichwa cha mbasa. Nikadondosha vitonge. Nikafunika. Nikafunua.

Havipo.

Nikaingiza upawa — vyote chini, vizito kama mawe ya nyavu. Raphaeli akauma kimoja, akakitoa mdomoni taratibu, akakiangalia. Ando, akasema, hiki nifungie kwenye nyavu au?

Nikamweleza: mwizi, mstari wa mkaa, vidole vinne, magadi. Akauliza, leo ilipanda? Nikasema haikupanda wala haikushuka. Akasema: sasa isipopanda itashukaje? Kwao mama yake anapika pombe ya kimpumu. Povu linapanda asubuhi, mchana linashuka lenyewe, na hawajawahi kumshtaki mtu.

Nikaenda kunusa chungu. Hakuna uchachu. Kinanuka maji ya kufulia. Hakuna hata kipovu kimoja.

Hakukuwa na mwizi. Chachu ya mama yake bibi — imeuawa na mimi, kwa mkono huu unaoandika.

Raphaeli aliondoka bila hata kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 11/10/2024

Bibi kapiga simu. Hakunisalimu. Ando, iko hai? Nikasema mtandao mbaya bibi. Akasema mbona mimi nakusikia vizuri. Nikakata.

Nimeosha chungu, nimelisha mara tatu tangu alfajiri. Uji tu. Kuanza mpya kunataka siku nyingi, na hata hivyo haitakuwa ile. Kesho mchana anafika.

Halafu nikakumbuka. Unga mkononi. Harufu dirishani. Ile ilikuwa kweli! Pua yangu haidanganyi hata kama kichwa kinadanganya. Ee Mungu, sijawahi kukuomba ovyo. Naomba Nesi Emerensiana awe mwizi. Awe amechota hata kijiko. Nitamsamehe yote!

Saa nane. Naandika nimekaa ngazini kwake. Amelala, katoka zamu. Pazia limepeperuka nikachungulia — kidogo tu. Juu ya kabati kuna kichungu kidogo, cha mkono wa bibi, namjua bibi kwa midomo ya vyungu vyake. Kina kifuniko cha udongo, juu yake kitambaa cha kitenge cha bibi cha kijani, kimefungwa kwa fundo lake, lile la kupitisha mara mbili. Hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo.

Kwa hiyo sio mwizi. Bibi alimpa mwenyewe. Kabla ya kupanda gari, kabla ya kunishika mkono na kulia, alishamtolea ule upawa na kumkabidhi mgeni.

Yaani mshukiwa nilikuwa mimi! Tangu mwanzo!

Ningekasirika, ila sina uso wa kukasirikia.

Sasa kitanda kimelia ndani. Ameamka. Nani hapo?

Mimi, dada.

Kisha kifuniko — nimekisikia, udongo juu ya udongo — kama mtu anafunua au anafunika, sijui.

Mimi nani? kauliza.

Ando, dada. Nina shida.

Kasema: sema kwa sauti, Ando. Ile ya bombani.

Na kina mama ndio hao wanapita na ndoo.